Steji: Neno Moja la Kiingereza, Maana Kibao, na Ile Moja Iliyomchanganya Waya Wangu

Leo hakuna udaku wa nani ameachana na nani. Leo tunaongelea neno moja tu: steji. Mzungu analiandika stage, sisi tulilifanya letu kitambo, na kama unaishi hapa Suna kuna uwezekano mkubwa umelitaja leo kabla hata hujamaliza chai. “Niko steji.” “Nitumie na nduthi, ashushe kwa steji.” “Huyo si wa hii steji, usipande.”

Sasa chukua kamusi ya Kiingereza uone vituko. Steji ni jukwaa. Ni kituo cha gari. Ni hatua ya ugonjwa. Ni kipande cha roketi. Ni kile kibao cha hadubini ambapo msee wa maabara anaweka damu yako akitafuta malaria. Ni kupanga tukio lionekane la ukweli na ni uongo mtupu. Herufi tano tu, na kazi zote hizo. Kabla uniambie haya ni mambo ya ticha wa Kiingereza, ngoja nikupe sababu yangu ya kuandika.

Niko na waya. Hivyo ndivyo sisi Wajaluo tunamwita shangazi, dadake mzae. Kitambo kidogo waya alienda kupimwa kwenye hospitali moja, sitaitaja. Majibu yalipotoka akaambiwa kwa Kiingereza cha haraka haraka kwamba ni kansa ya mlango wa kizazi, steji ya pili. Akaandikiwa karatasi, akapewa tarehe ya kurudi, mgonjwa mwingine akaitwa. Waya akatoka, akapanda nduthi, akarudi nyumbani. Tarehe ikafika, hakwenda. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Alikuwa ameanza kugawa vyombo. Mathe akapewa sufuria kubwa ile ya matanga, na hapo ndipo tukashtuka.

Tulipomkalisha chini atuambie shida ni nini, alinijibu mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimepiga kelele zaidi. Aliniambia: “Nyathina, gari ikitoka steji ya pili si inaenda ya tatu? Na ya nne si ndiyo mwisho wa gari? Sasa mnataka nirudi huko nikafanye nini?”

Nyathina ni mtoto wangu. Na mtoto wake hakuwa na jibu. Mimi ndiye nilipelekwa koleji, sawa, niliacha mwaka wa pili, hiyo ni stori ya siku nyingine, lakini hata mimi nilikuwa nafikiria vile vile. Steji ni steji. Gari haliishi hapo, linaenda mbele. Ilibidi niende nitafute hili neno lilitoka wapi na linamaanisha nini kila mahali linapotumika. Hiki ndicho nilipata.

Mahali pa kusimama

Ukifuata hili neno nyuma kabisa unafika kwa Kilatini, kwa kitenzi stare, maana yake kusimama. Wafaransa wa zamani wakatoa estage, mahali pa kusimama ama pa kukaa. Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa karne ya 13, na mwanzoni walimaanisha ghorofa ya nyumba, sakafu moja juu ya nyingine. Mfaransa hakuwahi kuacha hiyo maana. Mpaka leo ghorofa kwake ni étage, ndio maana ukikutana na msee wa Goma ama Bukavu akuambie anaishi étage ya pili, usidhani analala kwa kituo cha matatu.

Na Wafaransa wako na lingine la ukoo huo huo, linaandikwa stage herufi kwa herufi kama la Kiingereza, lakini linasomwa staaj. Hilo linamaanisha ile kitu sisi tunaita atachmenti. Mwanafunzi wa Bujumbura ama Kinshasa akisema anafanya stage, yuko ofisi ya watu anajifunza kazi bila mshahara wa maana, anatumwa chai. Kwa hivyo msee wa Bujumbura na msee wa Migori wanaweza andika neno moja kwa karatasi, mmoja awe anatafuta ofisi na mwingine anatafuta gari ya Awendo.

Lakini shika hiyo maana ya kwanza, mahali pa kusimama, kwa sababu tutaihitaji tukirudi kwa waya.

Farasi kwanza, matatu baadaye

Ghorofa ikazaa jukwaa, sababu jukwaa pia ni sakafu iliyoinuliwa watu wasimame juu. Halafu karibu mwaka 1600 Waingereza wakaanza kulitumia kwa safari. Walikuwa na magari ya kuvutwa na farasi yanayobeba abiria kutoka mji mmoja hadi mwingine. Farasi si injini. Akikimbia kilomita kama 16 ama 24 amechoka, povu mdomoni. Kwa hivyo barabara iligawanywa vipande. Mwisho wa kila kipande kulikuwa na nyumba ya wageni, gari linasimama, farasi waliochoka wanafunguliwa, wengine freshi wanafungwa, abiria ananyoosha miguu anakunywa kitu, safari inaendelea. Kile kipande cha safari kiliitwa stage, na pale pa kusimama pia. Kama unataka kupima kwa akili, kipande kimoja ni kama kutoka Migori tao mpaka Isebania.

Farasi walipostaafu, mabasi yakarithi neno. Uingereza nauli ya basi ilihesabiwa kwa steji: ukivuka steji moja unalipa hivi, ukivuka mbili unaongeza. Mwaka 1934 kampuni moja ya Uingereza ikaleta mabasi Nairobi, ndiyo Kenya Bus Service ya wazee wetu, na kwa maoni yangu hapo ndipo neno liliposhukia mtaani likakataa kupanda tena. Leo Mwingereza mwenyewe ukimwambia mkutane steji atauliza ni tamasha gani, sababu kwake pale pa kungojea basi pana jina lingine. Lakini sisi na Waganda tumebaki na steji.

Na tumeifanyia kazi. Nyumba nyingi hapa kwetu hazina namba na njia nyingi hazina jina. Steji ndiyo anwani. Ukimwelekeza mgeni unamwambia shuka steji fulani, uliza watu wa nduthi. Nairobi kuna steji inaitwa Odeon, jina la sinema iliyokuwa hapo. Wengi wanaopanda gari hapo hawajawahi kuona filamu yoyote Odeon. Sinema ilienda, steji ikabaki na jina.

Sasa fanya hivi. Panda gari hapa Migori, fuata hiyo barabara ya A1 mpaka Isebania, vuka mpaka kwa miguu ufike Sirari, upande wa Tanzania. Muulize mtu steji iko wapi. Mimi nilijaribu. Jamaa aliniangalia kwa heshima zote akaniuliza, “Kwani kuna msanii gani leo, kaka?” Kwa Mtanzania steji ni pale msanii anaposimama kuimba. Gari liko stendi ama kituoni, na vijana wa pikipiki wako kijiweni. Kilomita ishirini na kitu kutoka nyumbani, lugha ni Kiswahili pande zote mbili, na neno langu la kila siku limekuwa tamasha. Na hata hiyo stendi yao imetoka kwa neno la Kiingereza la kusimama, ambalo ni ndugu wa mbali wa kile kitenzi cha Kilatini. Sote tumesimama tu, kila mtu na neno lake.

Steji kama familia

Hapa nataka tukae kidogo, sababu kuna maana moja ambayo sijaiona kwa kamusi yoyote, na ndiyo watu wangu wanaishi nayo.

Boda boda yenyewe ilizaliwa mpakani, kule Busia na Malaba, miaka ya 1960, wakati wasee wa baiskeli walibeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine wakiita kwa Kiingereza cha kuvunjika, mpaka kwa mpaka. Nduthi zilikuja kuchukua kazi baadaye. Na nduthi zilipokuja, steji iliacha kuwa mahali, ikawa watu.

Msikize mtu wa nduthi akiongea. “Mimi ni wa steji ya Ombo.” Hamaanishi amesimama Ombo. Anaweza kuwa Kakrao saa hiyo, amebeba mama na magunia mawili ya makaa. Anamaanisha ako na watu. Kuna mwenyekiti, kuna karani, kuna mweka hazina ambaye kila mtu anamshuku kidogo. Ukitaka kuingia unalipa kiingilio, unaletwa na mtu anayekujua, unaulizwa nyumbani ni wapi na nduthi ni ya nani. Kuna pesa ya kila siku ama ya kila wiki. Mmoja akianguka, hiyo pesa inampeleka hospitali. Akifa, steji inasindikiza mwili, nduthi kwa nduthi, honi mpaka kaburini. Akiiba mteja ama akibeba mtu mlevi akamwacha njiani, anaitwa kikao, anatozwa faini, na kosa likiwa kubwa anapigwa kalamu. Kupigwa kalamu na steji si mchezo. Unaweza kuwa na nduthi, mafuta na leseni, lakini ukisimama pale watakufukuza, na ukienda steji nyingine watauliza kwanza kwa nini ulitoka ile ya kwanza.

Polisi pia wanajua. Nduthi ikihusika kwa kisanga, swali la kwanza ni hilo: ni ya steji gani? Na mathe akitaka kumtuma mtoto shule na nduthi, haangalii sura ya dere. Anaangalia steji. Mtu asiye na steji ni kama mtu asiye na ukoo. Neno lililoanza na farasi kuchoka limefika mahali linabeba uaminifu wa mtu. Kamusi ziko nyuma.

Jukwaa linalobomolewa

Turudi kwa ile steji ya Watanzania, ya wasanii. Hii hatuhitaji kuelezana sana, kila mtu amewahi kusimama mbele ya kioo na kitana akijiita nyota. Owino Misiani, yule mkali wa benga wa Shirati Jazz, alizaliwa 1940 Shirati, hapo tu ng'ambo ya mpaka wetu upande wa ziwa, na alivuka akaja kutawala majukwaa ya Kenya mpaka ajali ya barabarani Kisumu ilipomchukua 2006. Kwa hivyo alizaliwa mahali ambapo steji ni jukwaa, akafia mahali ambapo steji ni kituo cha gari.

Lakini usidhani steji ya aina hii ni burudani tu. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, karibu na Limuru, walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakaigiza kwa Kikuyu tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda. Wafanyakazi wa viwanda na mashamba walijiona pale mbele. Serikali ilipiga marufuku baada ya wiki chache, na kufika mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini, akakaa ndani karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 serikali ikaenda ikabomoa ukumbi wenyewe. Fikiria mbao na nguzo. Watu wakubwa na bunduki zao waliogopa mbao na nguzo.

Na kama unadhani hayo ni ya kitambo, kumbuka Aprili 2025. Wasichana wa Butere walifika Nakuru kwa tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imesema waruhusiwe. Mwandishi wao alikamatwa, wasichana wakaingia ukumbini bila vifaa vya maana na bila watazamaji, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nje, vitoa machozi. Steji walipewa, lakini kila kitu kinachoifanya iwe steji kilikuwa kimeondolewa. Mimi niliangalia hizo video nikiwa na waya, na yeye ndiye alisema kuna watu wanaogopa watoto.

Kutoka kwa jukwaa tunapata pia ile maana ya kupanga uongo. Kila siku kwa simu unaona jamaa amempa chokoraa elfu kumi, kamera iko mahali pazuri, chokoraa amekatwa nywele jana. Hiyo ni steji. Imepangwa. Wanasiasa walijua hii mbinu zamani, kabla simu hazijaota kamera: mzee anatoka kwa umati “bila kupangwa”, anamshika mkono kiongozi, analia. Nusu ya vita vya mtandaoni siku hizi ni watu wakibishana kama kitu kimetokea ama kimepangwa.

Nyingine tupite mbio. Kwa mpira kuna hatua ya makundi, ile ambayo Harambee Stars waliongoza kwa CHAN Agosti 2025 kabla Madagascar watutoe robo fainali kwa penalti, jeraha bado bichi. Kwa Safari Rally, iliyorudi kwa ratiba ya dunia 2021, steji ni kila kipande cha barabara kinachopimwa muda peke yake, kama Kedong ama Sleeping Warrior. Unaweza shinda steji na ushindwe mashindano. Hii weka kwa mfuko.

Na roketi. Wengi hawajui kuna roketi ilirushwa kutoka Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, roketi ya Scout ilipeleka angani setilaiti ya Wamarekani ya kusoma miale ya eksrei. Walivyoona ni siku ya uhuru wetu wakaiita Uhuru. Scout ilikuwa na steji nne, zikipangwa moja juu ya nyingine kama ghorofa. Ya kwanza inawaka, mafuta yakiisha inatupwa baharini, ya pili inawaka, mpaka ya nne. Kwa roketi, kufika steji ya nne ndiyo furaha. Umefika angani.

Ona sasa. Steji ya nne ya roketi ni ushindi. Steji ya nne ya mbu ni mbu mzima: yai, kiluwiluwi, buu, halafu yule anakuimbia sikioni usiku. Steji ya nne ya waya ilikuwa mwisho wa gari. Namba moja, neno moja, na kila mahali linakupeleka kwingine.

Sasa ile ya daktari

Hapa kwetu steji ya ugonjwa haikuanza na kansa. Migori na Homa Bay ni kati ya kaunti zilizoumizwa zaidi na virusi vya UKIMWI, na wazazi wetu walijifunza steji kutoka huko. Shirika la Afya Duniani liligawanya ugonjwa kwa hatua nne. Ya kwanza, mtu hana dalili. Ya pili, anapungua kidogo, labda mkanda wa jeshi. Ya tatu, kifua kikuu, kuhara zaidi ya mwezi, kilo zinaisha. Ya nne ndiyo UKIMWI wenyewe.

Na zamani steji ndiyo iliamua kama utapata dawa. Hukuanza dawa kwa kuwa tu umepatikana na virusi. Ulingoja mpaka steji ipande ama chembe za kinga zishuke chini ya kiwango fulani. Watu walirudishwa nyumbani wakaambiwa bado. Wakangoja steji mbaya ndipo wapewe tiba. Hiyo ilibadilika: mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likasema kila mwenye virusi aanze dawa mara moja, na Kenya ikafuata 2016. Leo ukipimwa ukapatikana unaanza, steji yoyote. Lakini kizazi cha waya kiliishi ile ya kwanza. Kwake steji ni ngazi unayopanda ukielekea kaburini, na hospitali inakuhesabia tu. Alikuwa ameona. Hakuwa mjinga.

Kansa inahesabu tofauti, na hii ndiyo nilimrudia nayo. Steji ya kansa ni jibu la swali moja: siku ulipopatikana, ilikuwa imeenea mpaka wapi? Kwa kansa ya mlango wa kizazi, steji ya kwanza imekaa pale pale kwa mlango. Ya pili imetoka nje kidogo, imeingia sehemu ya juu ya uke ama nyama za pembeni, lakini haijafika ukuta wa nyonga. Ya tatu imefika huko, ama imeshuka chini, ama imeziba njia ya mkojo, ama imeingia kwa tezi. Ya nne imeingia kwa kibofu ama utumbo, ama imesafiri mbali. Wanaandika kwa namba za Kirumi, ndio maana karatasi ya waya ilikuwa na vijiti viwili ambavyo alidhani ni alama ya hatari.

Na kitu ambacho hakuna mtu alimwambia: hiyo steji haitembei. Ukiandikiwa ya pili, rekodi yako inabaki ya pili. Ukipona, ulikuwa wa steji ya pili. Ikirudi miaka mitano baadaye, wanasema imerudi, lakini ile namba ya kwanza inabaki. Si gari. Ni mahali lilipopatikana limesimama. Unakumbuka Kilatini? Kusimama. Daktari alikuwa anatumia ile maana ya zamani kabisa, waya alikuwa anasikia ile ya konda.

Nilimwambia hivyo, kwa Dholuo, na mfano wa rally, kwamba kuna watu wanashindwa steji na bado wanamaliza mashindano. Mfano wa rally haukumsaidia hata kidogo. Kilichomsaidia ni nilipomwambia steji ya pili bado inatibiwa kwa nia ya kuponya, kwa mionzi na dawa, na kwamba kinachoharibu mambo ni zile wiki za kukaa nyumbani, sababu namba haitembei lakini kansa yenyewe inatembea. Akanyamaza. Halafu akauliza kama mathe ameshatumia ile sufuria.

Kwa wasichana na mamathe wanaosoma hii, naomba nafasi kidogo. Hii kansa inaletwa zaidi na kirusi cha HPV, na mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yuko kwa hatari kama mara sita zaidi, na unajua tunaishi kaunti gani. Tangu Oktoba 2019 wasichana wa miaka kumi wanachanjwa Kenya. Na wewe uliyepita umri huo, kuna kipimo kwenye kliniki za serikali: wanapaka siki kwa mlango wa kizazi, wanaangalia kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Siki ile ya chipsi. Kinapata mabadiliko kabla hayajawa kansa, yaani kabla hata ya steji ya kwanza. Na ukipewa majibu yenye steji ndani, usitoke kwa hiyo ofisi kabla hujauliza: imeenea mpaka wapi, na mnatibu ipone ama mnapunguza tu maumivu? Uliza kwa lugha yako. Wakikuharakisha, kaa kwa kiti.

Waya alirudi. Hospitali nyingine, mbali, wiki nyingi, mionzi inayochosha mpaka mtu anakataa ugali na samaki, kitu sijawahi kuona kwake. Sufuria alimnyang'anya mathe mwenyewe. Sasa anaenda kuangaliwa kila miezi mitatu, na anayembeba mpaka kwa gari ni kijana mmoja wa steji ya Oruba ambaye humlipisha mwisho wa mwezi. Mara ya mwisho alipanda nduthi, kijana akamuuliza, “Mama, nikushushe steji gani?” Alicheka peke yake mpaka Posta. Kijana bado anatuuliza alisema nini kibaya.